Bima ya Soya

Mwezi wa tatu Verna Tackett alipandishwa cheo kiwandani,
kutoka mkanda wa mapaja ya kuku hadi mkanda wa vidari,
nyongeza ya senti sitini kwa saa.
Kesho yake akaandika barua
kwa kalamu niliyomwazima, hapa dirishani pa dawa:
Naomba msinipandishe.

Nimeuza dawa katika mji huu wa Arkansas miaka ishirini na sita,
sijaona mtu akiikimbia pesa yake.
Alinieleza kama anayesoma bei ya nyanya:
senti sitini zikiingia, anavuka mstari;
akiuvuka, kadi ya bima ya Colby inakufa,
na pumu ya Colby, unaijua, haijui mstari.

Ninaijua.
Nimeisikia ikipiga mluzi nyuma ya rafu ya shampuu
kama birika lililosahauliwa motoni.
Kopo lake la kuvutia pumzi ni dogo kuliko kiganja.
Bei siitaji. Ninayeibandika ni mimi.

Alhamisi, mbunge wa jimbo akaja kutusikiliza,
saa yake ya mkono ameivua, ameilaza mezani:
je, serikali iwalipie bima watoto wa maskini,
na mstari usogezwe?

Orville Stiles alisimama wa kwanza, kofia kifuani.
Si mtu mbaya. Mti ulipoliangukia paa langu
alifika na msumeno kabla sijamwita.
"Mtegemea cha nduguye hufa maskini," akasema,
"na serikali si ndugu. Serikali ni mfuko wangu mimi,
umetobolewa chini."
Nusu ya ukumbi tukapiga makofi.
Nasema tukapiga. Mikono hii.

Verna hakwenda mbele kwenye kipaza sauti.
Alisimama palepale mlangoni, ametoka zamu,
buti za mpira bado zina manyoya.
"Bwana Stiles, ile mvua ya mawe ya mwaka juzi
iliilaza soya yako yote, ekari mia tatu.
Nilikuhurumia. Kisha ikaja hundi.
Ile bima ya soya, ada yake hulipa nani?"

"Nalipa mimi. Sehemu."
"Na sehemu iliyobaki?"

Feni ya dari ilikuwa na bawa moja lililolegea.
Tulilisikiliza.

"Hayo ni mambo ya kilimo," akasema Orville,
na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni.
"Mtu akishapanda, hana mamlaka juu ya mbingu."
"Nami nilipanda," akasema Verna.
"Nilipanda mmoja."

Ningependa kusema ukumbi ulilia, mbunge akapiga meza.
Mbunge alivaa saa yake.
Kura imesogezwa hadi vuli; mstari haujasogea.

Usiku nikarudi dukani, nikawasha taa moja,
nikafungua daftari la mauzo.
Orville ana haki ya kuuliza pesa itatoka wapi;
pesa ina mwisho, na mie najua ladha ya kodi.
Lakini nilipojumlisha safu ya kushoto
niliona kuwa karibu nusu ya ninachouza
hulipwa na kadi kama ya Colby.
Bati la paa lile, karo ya binti yangu, taa hii.
Nilikuwa nimeshiba, nikawapigia makofi wanaofunika sufuria.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi,
hata pale unapolala juu ya kanda hilohilo.

Kiwanda kimelikubali ombi la Verna. Kimemshukuru kwa maandishi.
Vidari amepewa mwingine, asiye na mtoto.

Leo amekuja kuchukua kopo, akanirudishia kalamu.
Nimemwambia akae nayo.
Fomu ya kadi mpya huja Novemba,
kurasa kumi na moja,
na wino wa bluu hawaupokei.